Ganzi Ilipoisha Kooni

Kuna watu wakinusa mandazi wanakumbuka nyumba ya bibi yao na kutabasamu. Mimi nikinusa ile dawa ya maji ya watoto, ya rangi ya waridi, yenye harufu ya stroberi ambayo haijawahi kukutana na stroberi yoyote, nakasirika. Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa hapa Migori, nimesimama nyuma ya mama mmoja aliyekuja na mtoto wake, na mtoto mwenyewe ametoka tu kutolewa tonsili. Muuzaji alikuwa amefungua chupa amwonyeshe jinsi ya kupima. Harufu ikanifikia.

"Unampa kwa ratiba," muuzaji akasema. "Hata kama halii. Usingoje alie."

"Lakini si haumwi?" mama akajibu. "Muone anavyocheza. Nitampea akianza kulia."

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mama, utajuta!" kwa sauti iliyogeuza duka zima. Yule mama alinitazama kama mtu amtazamaye mlevi asubuhi. Nikajaribu kueleza, nikaeleza vibaya, maneno yakigongana. Mwishowe akalipa, akamshika mtoto mkono, akaondoka akiwa bado ananitazama kwa jicho la pembeni. Sijui kama alimpa. Naomba awe alimpa.

Mimi nilikuwa mtoto wa koo. Kuna watoto wa tumbo, kuna watoto wa pua, mimi nilikuwa wa koo. Kila mvua ikianza na kila mvua ikiisha, mafindofindo yalinishika, nikawaka homa, nikashindwa kumeza hata uji. Tulikaa Awendo, Baba akiendesha trekta la kuvuta miwa, na usiku nilikoroma mpaka binamu zangu wakasema trekta limeegeshwa ndani ya nyumba. Nilisukutua maji ya chumvi, nikalambishwa ndimu, nikafungwa shingoni kitambaa kilichochovywa kitu ambacho mpaka leo sijaambiwa ni nini. Kulikuwa na bibi mmoja sokoni aliyejitolea kunikata kimeo, akisema ndicho kinacholeta shida yote, na wembe wake ni mpya. Mama akamwambia asante, wembe wako unyolee wajukuu zako.

Mama ni Mkuria, wa kule juu karibu na Isebania. Aliolewa kwa Wajaluo, na kwa sababu hiyo nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili, kile chetu cha huku, cha kusukumana na kuelewana. Lazima nieleze jambo hili kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini mwanamke aliyeweza kumfukuza bibi wa wembe sokoni alishindwa kumfukuza wifi yake jikoni.

Wifi yenyewe tulimwita Waya, maana ndivyo tunavyomwita shangazi. Dada mkubwa wa Baba. Alikuwa na kibanda cha chai mkabala na geti la hospitali moja kule Homa Bay, na kwa kuwauzia manesi mandazi kwa miaka mingi alijiona nusu daktari. Ndiye aliyesikia kwamba daktari wa koo anakuja kupasua watoto, ndiye aliyeniandikisha, na nyumbani kwake ndiko tungelala kabla na baada. Yaani safari yote ilikuwa yake. Sisi tulikuwa mizigo.

Waya alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Ilimhusu Dani, mama yake, nyanya yangu, aliyeishi Kisegi na hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Zamani Wajaluo walitolewa meno hayo kwa kisu wakiwa wadogo, ndiyo ilikuwa alama ya kukua. Kila Waya alipoisimulia, kisu kilizidi kuwa kikubwa.

"Meno sita!" Waya alisema jioni ile tulipofika kwake, akinipigia makofi mbele ya uso kwa kila jino. "Bila sindano, bila chochote. Na Dani yako hakulia. Hata jicho hakufumba. Watu walikuja kumtazama. Damu yetu hailii, unasikia?"

"Ndiyo, Waya."

"Wengine huko kesho utawasikia wakipiga kelele kama mbuzi. Wewe usiniaibishe. Pale hospitali wananijua."

Sasa mtoto ukimwambia hivyo ataelewa nini? Mimi nilielewa kwamba hospitali ni mahali pa kupimwa kama damu ya Dani imo ndani yangu. Tonsili zilikuwa kisingizio tu. Kabla ya kulala nilijifinya paja mpaka likawa jekundu, nikifanya mazoezi ya kutofumba jicho, na Mama alikuwa pale pale akikunja nguo zangu.

Asubuhi alikuja kutuona daktari wa ganzi. Alikuwa kijana wa Pwani, mwembamba, anaongea Kiswahili kilichonyooka mpaka tukaona aibu na chetu. Alichutama mbele yangu akanikagua mdomo, akaniuliza kama kuna jino linalotikisika. Niliruka. Nilijua tu! Meno! Akacheka, akasema meno yangu hayataki, nibaki nayo. Kisha akasimama akawageukia Mama na Waya, na mimi nesi akanichukua kunivalisha lile gauni linaloacha mgongo wote wazi, kwa hiyo yaliyosemwa pale niliambiwa na Mama baadaye sana.

Alisema hivi. Mtoto atalazwa kwa nusukaputi. Akishalala, kabla hajaamka, nitamchoma sindano ya ganzi pande zote za koo, pale inapopita mishipa inayopeleka maumivu. Ataamka hasikii kitu. Mtafurahi sana. Lakini ile ni ganzi, si kupona. Ikiisha, maumivu yanakuja yote kwa pamoja, na kama hakuna dawa mwilini yatamkuta mlango wazi. Kwa hiyo dawa aanze kupewa akiwa bado anacheka. Na anywe maji, anywe, anywe.

"Ndiyo daktari," Waya akasema. "Tumeelewa kabisa."

Aliitikia kabla hata daktari hajamaliza, maana mtu anayejulikana pale hospitali hawezi kuuliza swali mbele ya wifi yake. Mama naye alielewa kila neno. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alielewa kila neno.

Nikaamka na sikusikia kitu. Naapa. Nilingoja maumivu kama unavyongoja kofi ukishaona mkono umeinuliwa, na mkono haukushuka. Koo lilikuwa kama la mtu mwingine, nene, zito, mate yananitoka pembeni bila kuniomba ruhusa. Kitanda cha pili mtoto mmoja wa kiume alikuwa analia anamtaka mama yake, na mama yake yuko hapo hapo amemshika. Mimi nikameza mate, nikayameza tena, nikanywa juisi. Hakuna. Nikajua basi, nimepita. Damu ya Dani imo.

Furaha ile siwezi kuieleza. Nilikuwa mtoto wa mwisho mwisho katika kila kitu, darasani wa mwisho, mbioni wa mwisho, na sasa hapa nilikuwa wa kwanza katika jambo la watu wazima. Waya alipoingia akanikuta nimekaa nacheza na mfuniko wa chupa, alipiga kigelegele mle ndani ya wodi. Nesi akamkemea. Hakujali.

"Wamuone huyu! Si niliwaambia?"

Nesi alimpa Mama ile chupa ya stroberi na kurudia maneno yale yale: kwa ratiba, alie asilie. Tukaruhusiwa mchana, ila tukae karibu, turudi asubuhi kuangaliwa. Tulipofika kwa Waya, Mama akafungua mkoba, akatoa chupa.

"Hiyo ya nini?" Waya akauliza.

"Saa yake imefika."

"Mtoto anaumwa wapi? Mama wewe, unamnywesha mtoto dawa ya maumivu na haumwi? Utamharibu ini. Ama nyinyi kwenu watoto hawajui kuvumilia?"

Mama akashusha chupa. Hapo kwenye "kwenu" ndipo mlango ulipofungwa. Angesema nini? Akisisitiza, atakuwa mke wa kigeni anayelegeza mtoto wa watu. Akanitazama mimi, akitumaini pengine nitasaidia, na mimi, shujaa, nikasema, "Sitaki dawa. Siumwi." Chupa ikarudi mkobani. Yawa! Nikikumbuka nataka kuingia katika ile sebule niwanyang'anye wote watatu ule mkoba, mimi mwenyewe nikiwemo.

Majirani wakaja. Waya alikuwa amewaita, na wengine walikuja wenyewe kwa sababu ya harufu ya chai. Nilikalishwa kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, nikaambiwa nifungue mdomo, wakachungulia mmoja mmoja kama watu wanaotafuta kitu kilichoangukia kisimani. "Woi, yamekatwa kweli!" Wakanipa soda ninywe waone. Nikanywa. Wakashangilia. Mzee mmoja akasema huyu angezaliwa zamani angekuwa askari. Waya akasimulia meno ya Dani, na sasa meno yalikuwa na mjukuu.

Maumivu yalianzia sikioni. Nilidhani ni mdudu. Nikatikisa kichwa, nikaingiza kidole, na wageni bado wako pale wanakula mkate. Kisha nikameza mate, na pale, Mungu wangu, ilikuwa kama nimemeza kaa la moto na kaa limekataa kushuka. Macho yalinijaa maji. Nikayafungua sana ili yasimwagike. Mbele yangu kuna watu wanaosema mimi silii, na ndani ya koo langu kuna kitu kinachotaka nilie sasa hivi. Sikuelewa kilichotokea. Nilifikiri nimefanya kosa mahali fulani, labda nilijivuna, na ule ushujaa umechukuliwa. Na kama umechukuliwa, wasijue.

Basi nikaacha kumeza. Ndiyo hila niliyoipata. Mate niliyatemea kwenye kitambaa cha mfukoni nikijifanya napangusa mdomo. Soda nikasema nimeshiba. Uji wa jioni nikasema nina usingizi. Mama alinisogelea mara kadhaa na kikombe.

"Kunywa kidogo."

Nikatikisa kichwa.

"Mwache," Waya akasema. "Amekunywa soda mbili. Mvumilivu hula mbivu."

Mbivu gani, jamani? Hata ndizi iliyoiva ikapondwa isingepita.

Mama hakuniuliza swali moja tu lililohitajika. Nimekuja kumwelewa. Akiuliza kama inauma, na mimi niseme ndiyo, itabidi afanye kitu, ndani ya nyumba isiyo yake, mbele ya dada ya mume wake. Asipouliza, labda hainiumi. Usiku alinilaza karibu naye, akanishika mkono, na nilihisi kwamba hakulala. Mimi nililia kimya, machozi yakiingia kwenye lile sikio linalouma. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Asubuhi midomo yangu ilikuwa imepasuka na ulimi umenata. Mkojo ulitoka kidogo, wa rangi ya chai. Mama alipouona alitoa chupa bila kumtazama mtu. Akajaza kijiko. Lakini sasa nani atakimeza? Kilinigusa ulimi tu, nikakitema, stroberi yote ikamwagikia gauni langu. Ndipo akanifunga kanga mgongoni, mkubwa nilivyokuwa, tukavuka barabara kwenda hospitali, Waya nyuma akisema kuna haraka gani, si tumeambiwa tu kuangaliwa.

Dani alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya wodi. Alikuwa ametoka Kisegi alfajiri baada ya kupigiwa simu kwamba mjukuu wake ni shujaa, na alikuwa amebeba samaki wa kukaanga ndani ya gazeti. Waya akamkumbatia, akaanza kumwambia tangu kitandani mpaka majirani. Dani hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi, midomo yangu.

Yule daktari wa Pwani alitukuta hapo hapo kwenye benchi. Alinishika mkono, akavuta ngozi ya nyuma ya kiganja na kuiachia, akaangalia inarudi polepole.

"Ameanza kuumwa lini?" akauliza.

"Haumwi, daktari," Waya akasema. "Tangu jana hajalia hata mara moja."

"Amepewa dawa?"

Mama akaubana mkoba kifuani.

"Amekunywa nini tangu jana mchana?"

Daktari akavua kofia yake, akajikuna kichwa kwa ncha za vidole, na niliona anajizuia. Mtu mzima anapojizuia hivyo mtoto anaogopa zaidi kuliko akipiga kelele.

"Mama zangu," akasema taratibu, "jana niliwaambia. Kule kutosikia kitu kwa mtoto hakukuwa uvumilivu. Ilikuwa ganzi yangu. Iliisha jana jioni. Koo lisilopitisha kitu linakauka, likikauka linapasuka, likipasuka linatoka damu, na hapo tutakimbizana hapa. Naenda kuona wagonjwa wa ndani. Nikirudi nikikuta amekunywa dawa na kikombe cha maji, anaenda nyumbani. La sivyo namlaza, natafuta mshipa, namtundikia dripu."

Mimi sikusikia habari ya dripu. Nilisikia moja tu: ilikuwa ganzi yangu. Yangu, alisema, yake yeye! Kwa hiyo si mimi. Yale makofi, yule mzee wa askari, ile sebule, vyote vilikuwa vya sindano. Nilihisi nimeibiwa mchana kweupe. Kifua kikaanza kupanda na kushuka, na nikabana meno, maana hata kama ushujaa wa jana haukuwa wangu, wa leo ungeweza kuwa.

Waya akainama masikioni mwangu. "Usilie sasa. Dani yako yuko hapa. Mwonyeshe. Yeye meno sita, hakulia."

Dani aligeuka. Kiswahili chake alikitumia kwa Mama tu na kwa serikali, lakini siku ile alikitumia kwetu sote.

"Ndiyo, mimi hapana lia," akasema. "Kweli. Wewe nasema hiyo maneno kila siku, kila siku. Nani aliniuliza kama nataka dawa? Dawa ilikuwa wapi? Kama ilikuwa, mimi nakunywa chupa yote, na ya jirani nakunywa!" Akampiga Waya begani kwa ule mzigo wa samaki, si kidogo. "Huyu mtoto yuko na dawa ndani ya mkoba. Ndani ya mkoba! Na nyinyi mnangoja yeye akuwe mimi. Mimi mwenyewe sikutaka kuwa mimi."

Waya alijipangusa bega. Akasema anakwenda kuangalia kibanda chake, na hakwenda, akabaki amesimama kando akikunja na kukunjua ncha ya leso.

Mama akanitoa mgongoni, akanikalisha mapajani. Akapima dawa, akaichanganya na maji kidogo kwenye kikombe cha plastiki cha wodi. Aliinua uso, akamtazama Waya moja kwa moja, kitu ambacho sijapata kumwona akifanya tena, kisha akanitazama mimi.

"Inauma?"

Watu wote wa ile safari walikuwa wameniambia mimi ni nani, na hakuna aliyeniuliza. Nikamtazama Waya. Nikamtazama Dani, aliyekuwa anajifanya anafunga gazeti la samaki. Nikasema kwa ile sauti iliyobaki, "Inauma sana, Mama."

Uso wake ukavunjika. Akanibana kichwa kifuani, akasema jambo kwa Kikuria ambalo sikulielewa, halafu kikombe kikanigusa mdomo.

"Basi lia," akasema. "Lia, na kunywa."

Nikalia. Nililia kwa sauti, kama mbuzi, pale nje ya wodi ambapo Waya anajulikana, manesi wakitokeza vichwa dirishani, na katikati ya kilio nikameza, nikapiga kelele, nikameza tena, mpaka kikombe kikaisha.